Mbiu Bila Jambo: Filamu ya Dad's Army (2016) na Mipaka ya Kuhawilisha Futuhi ya Televisheni

Ikisiri

Filamu ya Dad's Army (2016) iliwakusanya waigizaji mahiri wa Uingereza ili kuhuisha futuhi iliyorushwa na BBC kati ya mwaka 1968 na 1977. Licha ya umahiri huo, filamu inakatisha tamaa. Makala hii inadai kwamba udhaifu wake hautokani na uigizaji wala na kuachana na matini asilia. Unatokana na kuziba pengo ambalo kicheko cha matini asilia kilitegemea, yaani pengo kati ya maneno makubwa ya wahusika na hali yao ndogo. Kwa kuchunguza maneno ya kuitana, amri, mambo yasiyoonyeshwa na misemo inayojirudia, makala inapendekeza kwamba uaminifu katika kuhawilisha futuhi upimwe kwa muundo wa kicheko badala ya idadi ya mambo yaliyohifadhiwa.

1.0 Utangulizi

Tarehe 14 Mei 1940, Anthony Eden, aliyekuwa ameshika wadhifa wa Waziri wa Vita wa Uingereza kwa siku chache tu, alilihutubia taifa kwa njia ya redio. Majeshi ya Ujerumani yalikuwa yakisonga mbele katika Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa, na hofu ya kuvamiwa ilikuwa imetanda. Eden aliwaomba wanaume wa umri wa miaka 17 hadi 65 ambao hawakuwa jeshini wajitokeze kulinda maeneo yao. Walijitokeza kwa wingi: vijana waliokuwa hawajafikia umri wa kuandikishwa, wazee waliopigana vita vilivyotangulia, na watu ambao kazi zao ziliwazuia kwenda mstari wa mbele. Jeshi hilo la kujitolea, ambalo Julai mwaka huohuo lilipewa jina la Home Guard, lilisubiri uvamizi ambao haukuja. Desemba 1944 shughuli zake zilisitishwa, na vita ambavyo liliundwa kuvipigana havikuwahi kupiganwa.

Katika historia hiyo ya kusubiri, Jimmy Perry na David Croft waliona chimbuko la futuhi. Perry mwenyewe alikuwa ametumikia Home Guard akiwa kijana. Kazi yao, Dad's Army, ilianza kurushwa na BBC tarehe 31 Julai 1968 na kukoma tarehe 13 Novemba 1977, ikiwa na vipindi 80 katika misimu 9. Inahusu kikosi kimoja katika mji wa kubuni wa Walmington-on-Sea, pwani ya kusini ya Uingereza, kinachoongozwa na meneja wa benki, Kapteni Mainwaring. Februari 2016 ilitolewa filamu yenye jina hilohilo, ikiongozwa na Oliver Parker kwa mswada wa Hamish McColl. Toby Jones aliigiza Mainwaring, Bill Nighy akaigiza Sajini Wilson, Tom Courtenay Koplo Jones, Michael Gambon Godfrey, Bill Paterson Frazer, Daniel Mays Walker na Blake Harrison Pike. Ni vigumu kuitaja orodha hiyo bila kutarajia mengi. Hata hivyo, filamu ilipokewa kwa uvuguvugu, na anayeitazama leo hapati sababu ya kuutengua uamuzi huo.

Neno linalotumika katika makala hii kuhusu kikosi hicho linahitaji ufafanuzi. Jina Home Guard halifiki Afrika Mashariki likiwa tupu. Nchini Kenya, katika miaka ya 1950, jina hilohilo lilitumiwa kwa walinzi walioshirikiana na serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, na hadi leo linabeba uchungu ambao mtazamaji wa Uingereza haufahamu. Kwa sababu hiyo, makala inatumia neno mgambo. Neno hilo linamtaja raia aliyepewa mafunzo ya kijeshi ili kulinda mahali pake, na wakati huohuo linahifadhi maana ya wito wa hadhara, kama inavyosikika katika methali isemayo kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hotuba ya Eden ilikuwa mbiu ya aina hiyo. Hoja kuu ya makala ni kwamba futuhi ya Perry na Croft iliishi katika nafasi iliyobaki baada ya mbiu kulia na jambo kutotokea, na kwamba filamu ya 2016 iliidhoofisha futuhi hiyo ilipoamua kulileta jambo lenyewe.

2.0 Pengo kati ya Neno na Hali

Nadharia nyingi za ucheshi zinakubaliana kwamba kicheko huhitaji mgongano. Raskin (1985) anauona mgongano huo kuwa wa fremu mbili za maana zinazopingana ndani ya matini moja. Katika Dad's Army fremu hizo zinaonekana tangu kipindi cha kwanza. Fremu ya kwanza ni ya ushujaa wa kitaifa, ambamo wanaume wachache wanasimama kati ya adui na nchi yao. Ya pili ni ya maisha ya mji mdogo: benki, bucha, duka la mboga, ukumbi wa kanisa unaogombaniwa na kasisi, na mama anayehakikisha mwanawe hatoki bila skafu. Mainwaring huzungumza kutoka ndani ya fremu ya kwanza huku mwili wake, miwani yake na askari wake wakibaki katika ya pili.

Kinachoupa mgongano huu uzito ni wakati uliochaguliwa. Vipindi vya mwanzo vinahusu mwaka 1940, wakati ambapo hakuna aliyejua kama uvamizi ungetokea. Mtazamaji wa 1968 alijua kwamba haukutokea, ilhali wahusika hawakujua. Kutokana na tofauti hiyo ya ujuzi kunazaliwa kinaya chenye pande mbili. Maandalizi ya kikosi yanachekesha kwa sababu mtazamaji anajua kwamba hayatahitajika. Maandalizi hayohayo yanaheshimika kwa sababu wahusika wanaamini kwamba yatahitajika kesho asubuhi, na kwamba wakati huo watakufa. Mainwaring ni mtu wa majivuno, mwepesi wa kudharau, mwenye kujipa cheo kabla ya kupewa. Lakini hakuna kipindi kinachodokeza kwamba angekimbia. Upumbavu na ujasiri wake vinatoka katika chanzo kimoja: imani isiyotetereka katika maneno anayoyasema.

Waigizaji wenyewe walilijua jambo hili kwa miili yao. Arnold Ridley, aliyeigiza mzee mpole Godfrey, alijeruhiwa katika mapigano ya Somme mwaka 1916. John Laurie, aliyeigiza mzika maiti Frazer, naye alipigana katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Clive Dunn, aliyeigiza Koplo Jones, alikuwa mfungwa wa kivita katika vita vya pili. Katika kipindi kiitwacho "Branded" (1969), wenzake Godfrey wanamtenga baada ya kubaini kwamba alikataa kubeba silaha katika vita vya kwanza. Baadaye wanagundua kwamba alipata nishani ya ushujaa kwa kubeba majeruhi chini ya risasi, nishani ambayo hakuwahi kuizungumzia. Mkasa wote unatoshea katika nusu saa, na vichekesho havisimamishwi ili kumpa mtazamaji nafasi ya kuhuzunika.

3.0 Kuitana na Kuamrisha

Kwa mwanaisimu, utajiri mkubwa wa mfululizo huu uko katika namna wahusika wanavyoitana na kuamrishana. Uhusiano wa Mainwaring na Wilson ni wa vyeo viwili vinavyopingana. Benki na jeshini Mainwaring yuko juu: yeye ni meneja na kapteni, Wilson ni karani mkuu na sajini. Kitabaka, Wilson ndiye aliye juu: amezaliwa katika familia ya hadhi na kusomeshwa katika shule ya kifahari, ilhali Mainwaring amepanda ngazi kwa jasho lake. Mzozo huu hautatuliwi kwa mjadala. Unaonekana katika sarufi ya amri. Mainwaring anapotaka askari wajipange, hutumia kauli ya kuamuru. Wilson anapoipitisha amri hiyohiyo, huigeuza kuwa ombi la mwenyeji anayewakaribisha wageni mezani.

Brown na Levinson (1987) wanaeleza upole kuwa mkakati wa kulinda hadhi ya mzungumzaji na ya msikilizaji. Upole wa Wilson unalinda hadhi ya kila mtu isipokuwa ya kapteni wake. Kila ombi lake laini linadokeza kwamba mtu aliyezaliwa katika mamlaka hana haja ya kupaza sauti. Mainwaring anaelewa dokezo hilo, na hana namna ya kulijibu, kwa kuwa hakuna kanuni ya kijeshi inayomruhusu kumwadhibu sajini kwa kosa la kuwa mstaarabu. Hivyo mtazamaji anacheka uasi ambao hauwezi kushtakiwa.

Mfano wa pili unahusu Pike, kijana wa benki, ambaye humwita Wilson kwa neno la ujamaa. Neno hilo la Kiingereza halibainishi kama anayeitwa ni ndugu wa mama au ndugu wa baba, na kichekesho chote kimo katika kutobainisha huko. Wilson hula kwa mama yake Pike, na mji mzima unashuku kwamba yeye ni zaidi ya rafiki wa familia, huenda hata baba mzazi wa kijana. Mfasiri wa Kiswahili angejikuta mtegoni. Akiandika mjomba, anamfanya Wilson kaka wa mama na kulifuta shaka lote. Akiandika baba mdogo, au ami kama wasemavyo watu wa pwani, ameungama nusu ya siri. Akiandika baba wa kambo, siri imekwisha. Ugumu huo wa tafsiri unaonyesha jinsi futuhi hii inavyotegemea lugha inayoficha: neno moja la heshima linabeba kashfa ambayo hakuna anayeitamka.

Mfano wa tatu ndio maarufu zaidi. Katika "The Deadly Attachment" (1973), kikosi kinawalinda mabaharia wa nyambizi ya Ujerumani waliotekwa. Nahodha wao anaorodhesha majina ya wale atakaowaadhibu Ujerumani itakaposhinda. Pike anapomdhihaki, nahodha anadai jina lake. Mainwaring anamwamuru Pike asilitaje jina hilo, na katika amri hiyohiyo analitaja yeye. Tendo-uneni linajiua lenyewe: maneno yanayokusudiwa kuficha ndiyo yanayofichua. Amri na maafa yake yamo katika sentensi moja fupi, na hakuna kifaa kingine kinachohitajika isipokuwa sarufi.

4.0 Jambo Linapowasili

Filamu ya 2016 inauhamishia mkasa mwaka 1944. Majeshi ya Washirika yanajiandaa kuvuka kwenda Ufaransa, na Ujerumani inataka kujua yatatua wapi. Rose Winters, mwandishi wa jarida anayeigizwa na Catherine Zeta-Jones, anawasili Walmington-on-Sea kuandika habari za kikosi. Wanaume wanamgombania, Mainwaring anatekwa na uzuri wake, na Wilson anafufua uhusiano wa zamani, kwa kuwa Rose aliwahi kuwa mwanafunzi wake Oxford. Wakati huohuo idara ya ujasusi inamsaka mpelelezi wa Ujerumani mjini humo. Mtazamaji aliyezoea filamu za kijasusi hahitaji muda mrefu kumtambua. Msuko unafikia kilele kwa ufyatulianaji wa risasi ufukweni kati ya kikosi na Wajerumani, na kikosi kinashinda.

Uamuzi wa kuchagua mwaka 1944 unaonekana mdogo, lakini ndio unaobadilisha kila kitu. Hatari ya uvamizi ilikuwa imekwisha, na mgambo wenyewe walikuwa wamebakiza miezi tu kabla ya kusitishwa. Swali la 1940, kwamba watu hawa wangefanya nini adui angefika, halina tena nguvu. Ili kulifidia pengo hilo, mswada unalazimika kuagiza hatari kutoka nje: jasusi, siri ya kijeshi, nyambizi. Historia ya vifaru vya mpira vilivyotumiwa kuwahadaa Wajerumani kuhusu mahali pa kutua ni ya kweli na inavutia, lakini hapa imefanywa kuwa gurudumu la msuko. Parker na McColl walikuwa wameshirikiana katika Johnny English Reborn (2011), na mantiki ya kazi ile ya kuchekesha kwa ujasusi imeingia Walmington bila kubadili nguo.

Matokeo yake ni kwamba fremu mbili zilizotajwa awali hazigongani tena. Mainwaring anaposema kwamba kikosi chake ndicho ngome ya mwisho ya taifa, filamu inamthibitishia kwa risasi. Hofu yake ina msingi, silaha zake zina kazi, na ushindi wake unaonekana kwa macho. Neno limekutana na jambo lake. Kinachobaki ni filamu ya vituko vya kivita iliyojaa watu wazima wanaojikwaa, ambayo inaomba kwanza wachekwe kwa udhaifu wao na kisha washangiliwe kwa kuushinda. Mfululizo haukuwahi kutenganisha mambo hayo mawili. Godfrey wa "Branded" hakuacha kuwa mzee dhaifu ili awe shujaa.

Hata umri wa waigizaji umebadilisha maana ya kicheko. Clive Dunn alikuwa na miaka 48 alipoanza kuigiza mzee Jones. Mwili mchepesi uliigiza uzee, na kuchelewa kwake kwa sekunde moja katika kila gwaride kulikuwa mdundo uliopimwa, mfano mzuri wa ile hali ya mwili kugeuka mashine ambayo Bergson (1900) aliiona kuwa kiini cha kichekesho. Courtenay alikuwa amepita miaka 75 alipoigiza nafasi hiyo, na anaileta kwa utu na huruma. Lakini mtazamaji anapomwona mzee wa kweli akianguka, humwonea wasiwasi kabla ya kucheka. Lawama hapa haimstahili mwigizaji. Inamstahili yule aliyemrithisha ucheshi wa mwili mwingine.

5.0 Kilichofichwa na Kilichoonyeshwa

Elizabeth, mke wa Mainwaring, haonekani usoni katika vipindi vyote vya mfululizo. Anajulikana kwa simu anazopiga na kwa hofu inayomwingia mumewe zinapolia. Katika kipindi kimoja cha 1972, umbo lake linabonyeza kitanda cha juu wakati mumewe amelala cha chini, na hapo ndipo mtazamaji anapomkaribia zaidi kuliko pengine popote. Kapteni anayeamrisha mji mzima anatawaliwa na mtu asiyeonekana. Katika filamu, Bi. Mainwaring ana sura, sauti na sare. Anaigizwa na Felicity Montagu kama mwanamke mwenye uwezo wa kuongoza kuliko mumewe, na yeye na wanawake wenzake wanapewa nafasi katika pambano la mwisho.

Uamuzi huu unastahili kujadiliwa kwa haki. Kumficha mke ili aogopwe na kuchekwa ni mbinu kongwe ya ucheshi wa wanaume, na mfululizo wa Perry na Croft uliwapa wanawake nafasi finyu. Filamu ina sababu nzuri ya kutaka kulirekebisha hilo. Tatizo ni kwamba marekebisho yake yanaishia kwenye hadhi. Wanawake wa filamu ni hodari, wanaona haraka kile ambacho waume zao hawakioni, na wanafika kwa wakati. Hawakupewa majivuno, unafiki, wivu wala lugha ya kujidanganya, yaani vile vitu ambavyo humfanya mhusika wa futuhi awe hai. Kuwapa wanawake haki katika futuhi ni pamoja na kuwapa haki ya kuwa wajinga kwa namna yao wenyewe. Filamu imewatoa mafichoni na kuwaweka kwenye jukwaa la heshima, mahali ambapo hakuna anayecheka.

Ulinganisho wa wazi zaidi unatokana na kipindi cha "Mum's Army" (1970). Hapo pia mwanamke mgeni, Fiona Gray, anaingia katika maisha ya kikosi, na hapo pia Mainwaring anapenda. Hakuna jasusi. Kuna meza ya chai, watu wanaonong'ona, na hatimaye kituo cha treni ambapo Mainwaring anamsihi asiondoke. Treni inaondoka naye. Kwa dakika chache mtazamaji anamwona mtu ambaye cheo chake hakiwezi kumsaidia, akizungumza bila maneno makubwa kwa mara ya kwanza. Katika filamu, penzi la Mainwaring kwa Rose linaongoza kwenye usaliti wa kijeshi. Aibu yake inakuwa ya mtu aliyehadaiwa na adui, na aibu ya namna hiyo hufutwa kwa bunduki. Aibu ya kituo cha treni haifutiki, na ndiyo maana inakumbukwa.

Inasikitisha zaidi kwamba filamu ilikuwa na mbegu ya kazi bora mikononi mwake. Kumfanya Rose awe mwanafunzi wa zamani wa Wilson kulifungua mlango wa tabaka, elimu na wivu. Mainwaring alishindana na mtu ambaye, kabla hata ya kusema neno, alikuwa na yote ambayo yeye aliyatamani. Toby Jones, mwigizaji anayeweza kuonyesha kidonda kwa kutikisa shavu tu, alikuwa tayari kuibeba simulizi hiyo. Mswada unaigusa kwa vidole na kukimbilia kwenye redio ya siri.

6.0 Misemo Inayogeuka Nukuu

Kila futuhi ya muda mrefu huzaa misemo. Jones huwataka wenzake wasitaharuki, akiwa yeye ndiye pekee aliyetaharuki. Frazer hutangaza kwamba wamekwisha. Mainwaring humwita Pike mvulana mjinga. Katika mfululizo misemo hii ilikuwa matendo. Ilitamkwa kwa sababu hali ilimbana mhusika hadi akabakiwa na maneno hayo tu, na mtazamaji aliyeifahamu aliisubiri kama anavyosubiri kiitikio katika ngano. Watazamaji waliokulia na Vioja Mahakamani wanaielewa raha hii: mahakama ni ileile, hakimu anatarajiwa kukasirika, na anayeshtakiwa anatarajiwa kujiangamiza kwa mdomo wake. Kurudia ni sehemu ya mkataba kati ya mchezo na hadhira.

Mkataba huo huchukua miaka kuandikwa. Filamu inautumia bila kuusaini. Misemo inapotamkwa, inasikika kama nukuu kutoka matini nyingine, na mtazamaji hualikwa atambue kabla ya kucheka. Hali ni hiyohiyo kwa Frank Williams, kasisi wa mfululizo, na Ian Lavender, Pike wa awali, wanaojitokeza kwa muda mfupi. Kuwaona kunaleta bashasha ya kukutana na jamaa katika harusi, lakini bashasha hiyo ni ya mfululizo na filamu imeikopa tu. Hutcheon (2006) anaufafanua uhawilishaji kuwa marudio yenye mabadiliko. Filamu hii imerudia mambo ambayo hayakuhitaji kurudiwa na kubadilisha lile ambalo lilishikilia mengine yote.

Yapo pia mambo ambayo mfululizo wenyewe uliyaacha wazi. Jones hujigamba daima kuhusu vita vya Sudan chini ya Kitchener, na Wasudani katika masimulizi yake hawana majina ila lakabu ya dharau waliyopewa na wanajeshi wa Uingereza. Mfululizo ulimcheka mzee aliyebaki katika karne nyingine. Haukuuliza walikuwa akina nani waliouawa kwa maelfu Omdurman mwaka 1898. Uhawilishaji wa karne ya 21 ungeweza kulisoma upya pengo hilo kati ya maneno ya Jones na historia, na kupata humo kicheko kichungu zaidi. Fursa hiyo haikutumiwa.

7.0 Pingamizi Mbili

Yaweza kudaiwa kwamba kipindi cha nusu saa na filamu ya takriban dakika 100 ni tanzu tofauti, na kwamba filamu haiwezi kuishi bila msuko mkubwa. Hoja hii ina uzito. Hata filamu ya mwaka 1971, iliyoongozwa na Norman Cohen na kuigizwa na wahusika wakuu walewale wa televisheni, ililazimika kuwaleta wanajeshi watatu wa anga wa Ujerumani ili ipate kilele, na sehemu zake bora ni zile za kuundwa kwa kikosi. Hata hivyo, urefu unadai maendeleo, haudai risasi. Tamthilia nyingi za jukwaani hudumu zaidi ya saa mbili zikiwa na sebule moja na uongo mmoja. Kilichohitajika ni hali inayozidi kubana, na wivu wa Mainwaring kwa Wilson ulitosha kuitoa.

Pingamizi la pili ni kwamba mhakiki anayeipima filamu kwa mfululizo anaisaliti kwa njozi za utotoni. Lingekuwa pingamizi la haki kama madai yangekuwa kwamba filamu imebadilisha mno. Makala hii inadai kinyume: filamu imehifadhi majina, sare, misemo na mji kwa uangalifu wa makumbusho. Kama ingethubutu kubadilisha hivyo vyote na kubakiza pengo kati ya neno na hali, ingekuwa jamaa wa karibu zaidi wa matini asilia kuliko ilivyo sasa.

8.0 Hitimisho

Mjadala huu una maana nje ya filamu moja. Katika uhakiki wa kazi zilizohawilishwa, zikiwamo riwaya na tamthilia za Kiswahili zinazopelekwa redioni, jukwaani na kwenye skrini, kuna mazoea ya kuhesabu: wahusika wangapi wamebaki, tukio gani limeondolewa, mwisho umebadilishwa au la. Hesabu hiyo inaweza kufaa kwa msuko. Haifai kwa futuhi, kwa sababu kicheko hakimo katika vitu hivyo bali katika uhusiano kati yavyo. Swali la kwanza la mhawilishaji wa futuhi, na la mhakiki wake, liwe hili: watu hawa wanasema nini juu yao wenyewe ambacho hali yao inakikana, na kazi mpya imekilinda vipi kikanusho hicho?

Kipindi cha mwisho cha Dad's Army kinafungwa kwa kikosi kuinua vikombe na kuwanywea afya mgambo wa Uingereza, wakiigeukia kamera. Hawajashinda vita vyovyote. Hakuna Mjerumani aliyeanguka kwa mikono yao katika tendo hilo, na hakuna anayewaambia kwamba walihitajika. Wanasherehekea utayari wao tu, na mtazamaji aliyewacheka kwa miaka tisa anajikuta akisimama nao. Filamu ya 2016 ilidhani kwamba heshima hiyo inahitaji ushahidi, ikawatafutia ufukwe, nyambizi na adui wa kumpiga risasi. Mbiu ilipolia mwaka 1940, waliitika bila kujua kama lipo jambo. Kuitika huko kulitosha kuwa hadithi.